Mayeloma na Hesabu za Maabara

Mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu, akilalamikia maumivu ya mgongo na uchovu usiomtoka, aghalabu huambiwa kuwa jembe limemchosha na malaria imempunguzia damu. Na dhana hiyo haina lawama, kwa kuwa mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini yapo maradhi yanayojificha nyuma ya dalili hizo hizo, na mojawapo ni mayeloma, saratani ya uboho wa mifupa inayowaandama zaidi wazee.

Katika uboho zimo seli za plazima, ambazo kazi yake ni kuunda kingamwili za kila sura. Moja ikiasi, huzaa ukoo wake, na ukoo huo, mithili ya mfua sarafu aliyepotewa na akili, hutoa protini ya namna moja tu usiku na mchana. Hiyo ndiyo protini ya M, mizani ya maradhi yenyewe, nayo hupimwa kwa elektroforesi: umeme hupitishwa katika majimaji ya damu hata kila protini ikajitenga mahali pake, elimu iliyochangia kumpatia Arne Tiselius wa Sweden tuzo ya Nobel mwaka 1948.

Mkojo nao una habari zake. Mwaka 1845 tabibu Henry Bence Jones wa London aliletewa mkojo wa mgonjwa, akakuta humo protini ngeni, ambayo baadaye ikabainika kuwa ni minyororo myepesi ya kingamwili. Kijiti cha kupimia mkojo cha zahanati hunasa hasa albumini. Kwa hiyo mkojo waweza kuonekana safi hali minyororo hiyo inaziharibu figo. Ndiyo maana hutakiwa mkojo wa saa 24, au damu ipimwe minyororo hiyo, na ndiyo maana naona ni hatari mgonjwa wa mayeloma kujinunulia daiklofenaki dukani, dawa iongezayo madhara katika figo hizo hizo.

Himoglobini iliyo chini ya gramu 10 kwa desilita, kreatinini iliyopita mikromoli 177 kwa lita, na kalsiamu iliyopita milimoli 2.75 huonyesha kiasi cha madhara. Protini ya M huonyesha kiasi cha adui. Ikishuka kwa nusu katika damu, tiba imeanza kufaa. Ikishuka kwa asilimia 90, imefaa sana. Ikipanda kwa robo kutoka kiwango chake cha chini kabisa, na ongezeko hilo lisipungue gramu 5 kwa lita, kisha kipimo cha pili kikathibitisha, maradhi yamerejea. Hesabu moja pekee, basi, haina hukumu.

Msafiri atokaye Ulyankulu kwenda hospitali ya Kitete mjini Tabora, na pengine zile za Bugando au Ocean Road, na achukue vyeti vyake vyote kwa tarehe, na ikiwezekana apimwe maabara ile ile, kwani maabara mbili huweza kutofautiana. Wala asiharakishe kurudi kila juma: kingamwili ya aina ya G huchukua yapata siku 21 kupungua nusu damuni, ilhali minyororo myepesi hupungua kwa muda wa saa chache tu, ikatangulia kuleta habari.