Iondoe Flashi Juu ya Kamera

Vijana wengi wanaoanza kupiga picha za harusi na mazishi Kisii na Nyamira hununua flashi moja, wakaichomeka juu ya kamera na kuiacha hapo. Picha zinatoka na paji la uso linalometa, pua iliyolala na kivuli cheusi ukutani nyuma ya sikio. Lawama inabebeshwa flashi, kwamba ni ya bei rahisi. Lakini flashi hiyohiyo ikishushwa, ikasogezwa hatua mbili kando na kuinuliwa juu kidogo ya kichwa cha anayepigwa picha, uso unapata mashavu, taya na macho yake. Pesa kidogo ulizo nazo zitumie kuitenganisha flashi na kamera kabla hujawaza kununua yenye nguvu zaidi.

Mwanga unaotoka palepale ilipo lenzi hufuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha umbo. Kwa ngozi nyeusi kuna jambo jingine. Umbo lake huonekana zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli, na mng'ao hufuata ukubwa wa chanzo cha mwanga. Kioo kidogo cha flashi kinaacha vidoa vyeupe vikali kwenye paji la uso na ncha ya pua. Mwanga huohuo ukipitia mwavuli mweupe wa kama mita moja, mng'ao unatandaa shavuni taratibu. Tena, usiongeze nguvu ya flashi ili mama wa watu aonekane mweupe. Rangi yake ni sehemu ya sura yake, na kazi yako ni kuionyesha vizuri.

Pa kujifunzia hapako mbali. Chukua kinyago cha jiwe la sabuni kutoka Tabaka, kisimamishe mezani jioni, kisha izungushe flashi: mbele, pembeni, nyuma. Utaona jinsi mistari ya patasi inavyopotea mwanga ukitoka mbele na kuibuka ukitoka ubavuni. Jiwe halichoki wala halifumbi macho. Chagua lililosuguliwa na kupakwa nta, kwa sababu mng'ao wake utakufundisha mengi kuhusu ngozi.

Katika kununua, flashi zisizojipimia mwanga zenyewe zinatosha. Yongnuo YN560 IV na Godox TT600 zimewasaidia wanaoanza kila pembe ya dunia, kwa kuwa kila moja ina kipokezi cha redio ndani yake. Unachoongeza ni kitumaji cha kuweka juu ya kamera, cha kampuni ileile: YN560-TX kwa Yongnuo, X2T kwa Godox. Hakikisha kinaoana na kamera yako, iwe Canon, Nikon au Sony. Kamera iliyokwisha kutumika haina ubaya, bora iwe na sehemu ya kuchomekea flashi. Ila jihadhari na flashi za miaka ya sabini, kwani nyingine hutoa volti za kuunguza kamera ya kisasa. Nunua betri nane za kuchaji, nne za kutumia na nne za akiba. Stendi ukikosa, mtu mmoja mwenye mkono thabiti na mwanzi anatosha, na kwenye vilima hivi vyenye upepo mara nyingi ni bora kuliko stendi. Ukitumia stendi, ning'iniza mtungi wa maji wa lita tano katikati ya miguu yake, la sivyo mwavuli utaibeba.

Sasa kanuni yenyewe. Kila picha ya flashi ina mianga miwili: ule uliopo, wa jua, mawingu au taa, na ule wako. Kasi ya shata hupunguza au kuongeza uliopo bila kuugusa wako, maana flashi huwaka na kuzima kabla shata haijajifunga. Wako unautawala kwa nguvu ya flashi na umbali wake. Tundu la lenzi na ISO huigusa yote miwili. Anza na ISO 200, 1/160 na f/5.6, flashi ikiwa imezimwa. Rekebisha mpaka mashamba ya chai ya Kebirigo yaliyo nyuma yawe na giza kidogo, kisha washa flashi kwa nguvu ya 1/8 na upande au ushuke kulingana na uso. Usivuke 1/200 au 1/250, kutegemea kamera, kwa sababu ukivuka utaona utepe mweusi ukikata picha.

Umbali ndio unaowatesa watu kwenye picha za ukoo. Flashi ikiwa mita moja kutoka safu ya kwanza na mita mbili kutoka ya nyuma, safu ya nyuma inapata robo tu ya mwanga. Irudishe nyuma, iwe mita nne na mita tano, na safu ya nyuma itapata karibu theluthi mbili. Wajomba walio nyuma wanaonekana, na unalipia kwa kuongeza nguvu.

Saa sita mchana ni kazi nyingine. Kisii iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, hivyo jua linakaa utosini na macho yanageuka mashimo. Kwa 1/200 na ISO 100, jua hilo linataka kama f/11. Flashi tupu ikifika karibu inaweza kushindana nalo, lakini mwavuli unameza sehemu kubwa ya nguvu zake. Mimi huona heri kuwahamishia maharusi kivulini, mbali na migomba inayorusha rangi ya kijani kidevuni, na kuwasha flashi hapo. Alasiri mawingu yakija kazi inakuwa rahisi, ila mvua hufuata. Ifunike flashi kwa mfuko wa plastiki angavu, na betri zikae mfukoni mwako.

Ndani ya nyumba ya mabati isiyo na dari, usielekeze flashi juu. Mwanga utatawanyika na kurudi na rangi ya kutu. Tundika shuka nyeupe ukutani upande wa dirisha, piga flashi kwenye shuka, na muweke nyanya mita moja na nusu kutoka hapo.

Flashi ya pili iache mpaka jioni zikushinde. Nywele nyeusi, koti jeusi la bwana harusi na kilima kilichokwisha kuwa cheusi vinashikana kuwa kitu kimoja. Hapo ndipo flashi ndogo kabisa, hata ya mtumba, ikiwekwa nyuma ya bwana harusi kwa nguvu ya 1/32 na kufichwa na mgongo wake, inachora ukingo wa mwanga mabegani na kichwani. Yenye mwavuli inabaki mbele, kando, kama ulivyokwisha kuizoea.