Kuongeza gesi si kutengeneza

Katika muda wa miezi minane nilimlipa fundi mmoja shilingi 3,000 mara tatu kwa kazi moja ile ile, na kila mara nikamshukuru. Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia. Kila siku humnyima alama mwanafunzi anayeniletea jibu bila kunionyesha njia aliyoipitia hata akalipata. Fundi huyo sikumwuliza njia. Alipofungua swichi, nikahisi ubaridi usoni, nilitoa pesa nikaenda zangu.

Kigari changu ni kidogo, kiliundwa Japani mwaka 1992, nami ni mtu wa nne kukimiliki. Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa kawaida ana haja gani na kiyoyozi, ilhali wenzake wengi hawana hata baiskeli. Swali hilo ni la haki. Ninaishi Likoni pamoja na mama yangu mzazi ambaye umri wake umepita miaka 80, na ambaye anaugua pumu. Kila mwezi sina budi kumpeleka kliniki kisiwani Mombasa. Anayekijua kivuko cha Likoni anaijua foleni yake. Tukifunga madirisha, tunaokwa kama mikate. Tukiyafungua, moshi wa malori yaliyotutangulia unaingia moja kwa moja kifuani mwa mgonjwa. Mwezi mmoja tulirudi nyumbani kabla ya kufika feri, kwa kuwa alikuwa hapumui vizuri. Tangu siku hiyo sijamwita mtu anayetaka kiyoyozi bwanyenye.

Mama ndiye aliyeutambua ugonjwa wa gari kabla yangu mimi niliyesomea. Nilipomweleza kwamba nakwenda kuongeza gesi kwa mara ya tatu, alinitazama akasema, "Mwanangu, huyo fundi wako anajaza maji kwenye mtungi uliotoboka." Nilicheka, nikaenda nikaongeza.

Waama, aliutaja mtungi bila kujua kwamba mtungi na kiyoyozi ni ndugu. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu machache yake hupenya kwenye udongo, yakafika nje na kugeuka mvuke. Nayo yanapogeuka mvuke huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo sababu pia spiriti anayokupaka muuguzi kabla ya sindano huhisiwa baridi. Kiyoyozi cha gari hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huugandamiza mvuke wa gesi hadi ukawa na shinikizo kubwa na joto kali. Mvuke huo huingia katika kondensa, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, ukaliachia joto lake upepo wa nje na kugeuka maji. Maji hayo hupitishwa katika tundu jembamba la vali, shinikizo likaanguka ghafla. Yakifika kwenye koili iliyofichwa nyuma ya dashibodi huchemka ingawa ni baridi, na kwa kuchemka huko hunyonya joto la hewa tunayoivuta sisi abiria. Kisha mvuke hurudi kwenye kompresa, safari ikaanza upya.

Mwalimu mwenzangu, itazame tena safari hiyo. Hakuna mahali gesi inapoliwa. Haiungui kama petroli, wala haichakai kama tairi. Ni kweli kwamba gari kuukuu hupoteza gesi kidogo kidogo kupitia mipira yake na sili ya kompresa, lakini hayo huchukua miaka, si wiki kumi. Kwa hivyo fundi akikuambia kuwa gesi imekwisha, swali la pili, ambalo mimi sikuliuliza, ni hili: imetokea wapi?

Nilipomwacha fundi wa kwanza niliangukia kwa wa pili, ambaye alitaka kunitilia gesi ya kupikia kwa nusu ya bei. Hakusema uongo aliposema kwamba nayo hupoza. Hakunikumbusha tu kwamba gesi hiyo hulipuka, na kwamba ile koili ya nyuma ya dashibodi imo humo humo tunamokaa. Ikivuja usiku madirisha yakiwa yamefungwa, cheche moja inatosha. Nilimuaga kwa heshima nikaondoka.

Fundi wa tatu nilielekezwa kwake na dereva wa teksi. Karakana yake iko chini ya mwarobaini upande wa Kisauni, hana paa ila turubai. Kwa hakika viyoyozi vya mji huu hutengenezwa katika jua kali kwa maana zote mbili za neno hilo. Hakuigusa chupa ya gesi kwanza. Alifungua boneti, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye pembe ya chini ya kondensa. Kidole kilitoka na uchafu mweusi wa mafuta.

"Mwalimu, gari hii huoshwa mara ngapi?"

Nilimjibu kwa fahari kwamba huliosha mwenyewe kila Jumamosi.

"Basi kila Jumamosi unanifutia ushahidi."

Alinieleza kwamba gesi husafiri pamoja na mafuta yanayoilainisha kompresa. Inapotokea gesi, hutokea na mafuta, na vumbi hushika papo hapo. Ili kuwa na hakika alijaza naitrojeni ndani ya mabomba, akapaka povu la sabuni kila kiungo. Viungo vyote vilinyamaza. Pale penye uchafu mweusi palitoa viputo vidogo vidogo, mfululizo, kama samaki anayepumua. Alumini ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari hadi ikatoboka tundu lisiloonekana kwa macho.

Kisha akanionyesha dhambi nyingine. Gari la mwaka 1992 liliundwa kutumia gesi ya zamani, R-12. Mmoja wa wamiliki walionitangulia alihamia R-134a bila kubadilisha mafuta, ilhali mafuta ya zamani hayachanganyiki na gesi hiyo mpya. Hubaki yamelala mabombani, kompresa ikazunguka kavu. Ningeendelea kuongeza gesi mwaka mmoja zaidi, huenda ningeizika na kompresa yenyewe.

Alibadilisha kondensa, akamwaga mafuta, akaweka mapya yanayofaa pamoja na vipira vipya vya viungo, akatoa ile chupa ndogo ya kukausha unyevu na kutia nyingine. Aliwasha pampu ya kufyonza hewa kwa dakika 45. Hapo nilijikuta nimerudi darasani: shinikizo likishuka sana maji huchemka hata bila moto, na ndivyo unyevu unavyotolewa mabombani usije ukaganda kwenye vali au kuzaa asidi. Aliizima pampu, tukaikodolea geji macho dakika 20. Mshale haukusogea. Ndipo alipopima gesi kwa mizani, gramu 600, wala hakukisia.

Gharama ilikuwa shilingi 17,500, nami nililipa kwa awamu mbili. Nilimwuliza kwa nini mafundi wengine hawafanyi hivi. Akanijibu bila hasira kwamba wateja wenyewe hawataki. "Nikiwatajia bei hii, wanavuka barabara kwa jirani anayeongeza kwa elfu tatu. Nami nina watoto, Mwalimu. Zipo siku ambazo huongeza tu." Jibu hilo lilinichoma kuliko bei. Nilikuwa nimejiandaa kuandika makala ya kuwalaumu mafundi. Rahisi huvunja upishi, na mnunuzi wa rahisi alikuwa mimi.

Aidha, hasara haikuwa ya mfuko wangu peke yake. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii ya R-12 zinaweza kuliharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa kuzikomesha ulitiwa saini Montreal tarehe 16 Septemba 1987, na shirika lililoyasimamia mazungumzo hayo ni lile la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, likiongozwa wakati huo na Mostafa Tolba wa Misri. R-134a iliyochukua nafasi yake haidhuru ozoni, ila kwa kulitia dunia joto inaishinda hewa ya kaboni zaidi ya mara 1,000, uzito kwa uzito. Na huko Kigali, Oktoba 2016, mataifa yalikubaliana kuipunguza nayo. Wanafunzi na wapige hesabu: mara tatu nilijaziwa gramu 500, zote zikatokea tunduni. Ni kilo moja na nusu, sawa na zaidi ya tani moja na nusu ya kaboni, kutoka kigari ambacho hakiwezi kubeba hata nusu ya uzito huo.

Muhula uliofuata, tulipofikia somo la uvukizaji, niliwatoa wanafunzi wa kidato cha tatu darasani, nikafungua boneti uwanjani. Kondensa ile ya zamani, ambayo fundi alinikabidhi pamoja na risiti, ilipita mikononi mwao wote. Nisingeshangaa kama mafundi wa namna hii wangealikwa shuleni mara kwa mara, tena wakalipwa. Wizara hutumia pesa kwa mambo yenye faida ndogo zaidi. Msichana mmoja aliuliza jambo ambalo mtu wa miaka 50 hakuliuliza: iwapo gesi inazunguka tu, mbona huwa wanaiongeza?

Mwezi huo tulikwenda kliniki. Foleni ya feri ilikuwa ndefu, malori mawili mbele yetu, madirisha yamefungwa. Nilimtazama mama kwa pembe ya jicho nikingoja sifa. Alijifunika leso hadi kidevuni.

"Mwanangu," akasema, "punguza kidogo hicho kitu chako. Unataka kunigandisha?"