Njia ya kando ya mto

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Utah, kuna korongo liitwalo Zion. Kuta zake ni za mawe mekundu, zenye kupita mita 300 kwenda juu. Chini kabisa unapita mto, jina lake Virgin. Mto huo ndio uliochimba korongo: maji yake huchukua mchanga na mawe, nayo hukwangua mwamba miaka kwa miaka.

Kando ya mto iko njia fupi, yapata kilometa moja na nusu. Hata wazee na watoto huipita. Ukutani huona maji yakidondoka, na majani mabichi yameota hapo. Yametoka wapi? Ni mvua ya zamani. Iliingia katika jiwe la mchanga, ikashuka polepole, ikakuta jiwe lisilopitisha maji vizuri, ikatokea nje.

Mwishoni njia inakoma na kuta zinakaribiana. Anayetaka kuendelea sharti aingie mtoni. Hapo pana hatari. Mvua ikinyesha mbali, mto hujaa ghafula, hata kama hapo jua linawaka. Maji hayana mahali pa kuenea; basi hupanda upesi. Mwaka 2015 watu 7 walikufa hivyo katika korongo jembamba la Zion.

Kwa hiyo mwenye akili huuliza kwanza habari za mvua. Akiona maji yamegeuka matope, hangoji: hupanda juu mara moja.

Maulizo
1. Nani alichimba korongo?
2. Kwa nini mto hujaa penye jua?