Baba, Mama na Mtumishi Mjanja: Wahusika wa Vichekesho vya Televisheni katika Darasa la Kiswahili

Katika mojawapo ya ziara zetu za kukagua mazoezi ya ualimu, tuliketi nyuma ya darasa moja mjini Busia, upande wa Uganda. Msichana mmoja alisimama kusoma kifungu. Alipofika penye neno "gari" akatamka "kari". Darasa zima likaangua kicheko, na kutoka safu ya nyuma mtu akamwita kwa jina la mhusika wa televisheni. Msichana akaketi, wala hakuinua mkono tena hadi kengele ilipolia. Siku chache baadaye mwalimu mmoja wa Tororo akatuuliza: je, vipindi hivi vya vichekesho tuvitumie kufundishia, au tuviepuke kabisa? Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tuanze na wahusika wenyewe. Kichekesho cha familia huwa kifupi, na kila wiki hurudi pale kilipoanzia. Mtazamaji hana muda wa kumchunguza mhusika polepole kama afanyavyo msomaji wa riwaya. Anatakiwa amtambue mara anapoingia mlangoni. Kwa sababu hiyo wahusika wake wengi ni bapa: wana sifa moja au mbili zilizokuzwa, nao hawabadiliki. Katika riwaya hilo huweza kuwa dosari, lakini katika kichekesho ndilo linalokiendesha kipindi.

Wa kwanza ni baba mwenye majivuno. Anataka heshima kubwa kuliko hali yake. Watazamaji wa Kenya walimjua zamani kupitia Mzee Ojwang' wa Vitimbi, aliyeigizwa na Benson Wanjau hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Msanii huyo alifariki mwezi Julai 2015. Kizazi kilichofuata kilimpata katika Papa Shirandula, kipindi cha Citizen. Papa alikuwa mlinzi wa kampuni aliyemficha mkewe kazi yake. Asubuhi alitoka nyumbani amevaa suti, na sare ya ulinzi aliivaa kazini. Aliyemwigiza, Charles Bukeko, alikuwa mtu wa Busia, na huko ndiko alikozikwa mwezi Julai 2020. Suti na sare vinatosha kumweleza baba wa aina hii: umbali kati ya mavazi hayo mawili ndio chanzo cha kicheko.

Wa pili ni mama mwenye macho. Mama Kayai katika Vitimbi na Wilbroda katika Papa Shirandula ni wa ukoo huu. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba ni "mke mkali" na kuishia hapo. Tunawashauri walimu wasikubali jibu hilo. Mama ndiye kipimo cha ukweli nyumbani. Bila maswali yake, uongo wa baba haungekuwa na hatari yoyote, na bila hatari hakuna kichekesho.

Wa tatu ni mtumishi mjanja, kama Awinja, msaidizi wa nyumbani kwa Papa. Huyu ana asili ya mbali sana. Plautus wa Roma ya kale alimtumia katika tamthilia zake, na Molière akamtumia Ufaransa katika karne ya 17. Nasi waswahili tuna binamu yake, Abunuwasi, mnyonge anayewashinda wakubwa kwa akili. Mtumishi husikia kila kitu kwa sababu hakuna anayemjali. Yuko chini kwa cheo, lakini juu kwa habari.

Sasa turudi kwa msichana wetu. Waandishi wa vipindi hivi huwatambulisha wahusika kwa lafudhi pia. Lugha nyingi za Waluhya, Kisamia kikiwamo, hazina sauti b, d na g isipokuwa baada ya nazali, ndiyo maana "gari" huwa "kari" na "baba" huwa "papa". Dholuo haina sauti sh wala z, hivyo "shamba" husikika "samba" na "kazi" husikika "kasi". Mganda naye, ambaye katika lugha yake r hufuata irabu i na e tu, huweza kukualika kwenye "kalamu" ilhali amekusudia karamu. Haya si makosa ya kubahatisha. Ni kanuni za lugha ya kwanza zinazoingia katika lugha ya pili, na mwalimu anayezijua huweza kuyatabiri matamshi ya darasa lake kabla hajaingia.

Tatizo ni kwamba Busia na Tororo, lafudhi inayochekwa kwenye skrini ndiyo lafudhi ya nyumbani. Mawimbi ya televisheni hayaombi pasi mpakani, na Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Mtoto hujifunza mambo mawili kwa pamoja: Kiswahili, na kwamba Kiswahili cha watu wake ni kichekesho. Uganda iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo hautafaa kitu ikiwa wanafunzi wataogopa kufungua vinywa.

Je, tuvizime vipindi? La. Tunapendekeza jaribio moja rahisi. Chukueni mazungumzo ya kuchekesha, myaandike upya kwa matamshi sanifu. Kicheko kikifa, mlikuwa mnacheka lafudhi. Kikibaki, mlikuwa mnacheka tabia.

Tulijaribu na wanafunzi wetu kwa kutunga kisa cha hapo hapo mpakani. Busia hutajwa kuwa ndiko lilikozaliwa jina bodaboda, kutokana na waendesha baiskeli waliovusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Baba wetu ni mwendesha bodaboda anayedai nyumbani kwamba ni ofisa wa forodha.

MAMA: Mbona suruali ina grisi, nawe wasema unashinda ofisini?

BABA: Ni mafaili, mama watoto. Mafaili ya siku hizi yana grisi.

MTUMISHI: Kweli, mama. Jana nimeliona faili moja limembeba abiria hadi ng'ambo, likalipwa kwa shilingi za Uganda.

Wanafunzi walikisoma kwa Kiswahili sanifu, wakacheka. Wakakisoma kwa lafudhi ya Kisamia, kisha ya Kijopadhola, wakacheka vilevile. Hapo ndipo walipotambua wenyewe kwamba utamu uko katika uongo wa baba na werevu wa mtumishi. Baadaye tuliwakumbusha kwamba Benson Wanjau hakuwa Mjaluo, ingawa Mzee Ojwang' alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo. Lafudhi ile ilikuwa vazi la jukwaani, kama suti ya Papa.

Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Kazi yetu walimu ni kumfundisha mwanafunzi matamshi sanifu bila kumfundisha kukataa kwao. Tunawaomba wenzetu wa pande zote mbili za mpaka wajaribu zoezi hili, hasa kwa kuwapa wale wasioinua mikono sehemu ya mtumishi mjanja.