CHAN, kombe ya wale waliobaki nyumbani

Bandugu wa kazi, na ninyi bamama munaongojea bapapa warudi ku zamu: kulikuwa kombe moja ambayo wengi waliidharau kwa sababu mastaa wa Ulaya hawakuwa ndani. Njo CHAN. Siye wa sendika tunaipenda.

Sheria yake ilikuwa nyepesi: muchezaji awe raia wa inchi, tena acheze katika shampiona ya inchi ile. Mwenye kontra Ulaya, ao hata pale Tanzania ng'ambo ya ziwa letu, hakuitwa.

Ya kwanza ilichezwa Côte d'Ivoire mwaka 2009, ekipe 8 tu. Tarehe 8 mwezi wa 3, kule Abidjan, Leopards wetu walifunga Ghana 2-0. Trésor Mputu akachaguliwa muchezaji bora. Alikuwa wa TP Mazembe. Mwaka ule ule Mazembe ikabeba kombe ya mabingwa wa Afrika. Mwaka 2016, Kigali, ekipe 16, tukafunga Mali 3-0 ku fainali: Meschak Elia mawili, Jonathan Bolingi moja. Congo ikawa inchi ya kwanza kuibeba mara mbili.

Bahati? Hapana. Wakati ule Lubumbashi mpira ulikuwa kazi ya kweli, yenye mushahara. Hata Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu wa Zambia walivuka mpaka kuja kuifanya. Mutu akilipwa vizuri kwao, anabaki. Na inchi inavuna.

Mwezi wa 8 mwaka 2025 kombe ilikuja karibu: Kenya, Tanzania na Uganda. Kule Nairobi tulifunga Zambia na Angola, 2-0 kila moja. Lakini Kenya ilitupiga 1-0, Morocco 3-1, tukarudi nyumbani mapema. Morocco ikachukua kombe, yao ya tatu.

Sasa tuangalie hapa Kalemie. Batoto wetu wanapiga mpira pa muchanga wa ziwa, na wengine wanajua kweli. Lakini mutoto akivunjika muguu, familia njo inauza mbuzi ili alipiwe hospitali. Tunaijua hadithi ile: ni ya mwenzetu anayeshuka mu shimo bila kontra. Siku jiwe linamuangukia, hakuna bosi anayemujua.

Basi, muzazi, mutu wa ekipe akikuja kumuchukua mutoto wako, umuulize mambo matatu mbele ya kutia sinyatiri: karatasi iko wapi, mushahara ni ngapi na siku gani, nani analipa akiumia. Usipoelewa karatasi, uilete kwa delege wetu tuisome pamoja. Maulizo haya matatu tunayauliza kila siku ku mugodi. Na ku mpira pia yako na haki ya kujibiwa.