Rekodi moja, simu mbili: Jinsi data za afya zinavyopatanishwa mtandao unapokosekana

MHUDUMU wa afya ya jamii anayezuru nyumba za Mwakirunge, pembezoni mwa Kisauni, hahitaji kungoja mtandao ndipo aanze kazi. Anatoa simu, anafungua programu, anaandika kwamba mtoto wa nyumba hiyo amekwisha kupata chanjo ya surua na rubella ya miezi 9, kisha anapiga hatua hadi nyumba ya pili. Simu inaipokea taarifa hiyo bila kulalamika, hata kama wakati huo haina mawasiliano yoyote na seva.

Je, taarifa hiyo itafikaje inakotakiwa? Na itakuwaje iwapo mtu mwingine, akitumia simu nyingine, ameigusa rekodi iyo hiyo kabla ya jua kutua?

Ni kinaya kwamba maswali haya yaulizwe Mombasa, mji ambako nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika nchi kavu mwaka 2009 na kuiunganisha Kenya na dunia kwa intaneti ya kasi. Lakini waya ulio baharini ni jambo moja, na simu isiyo na data mkononi mwa mtu aliye Shika Adabu au Chaani ni jambo jingine.

Kabla ya simu, kazi hii ilifanywa kwa karatasi. Daftari la kaya, MOH 513, lilijazwa nyumba kwa nyumba, huduma zikaandikwa katika MOH 514, naye msimamizi akajumlisha yote katika MOH 515. Daftari lilikuwa na kasoro nyingi, ila lilikuwa na sifa moja ambayo watunzi wa programu huionea wivu: lilikuwa moja tu. Aliyelishika ndiye aliyeandika, na mwingine alingoja zamu yake.

Mambo yalibadilika Septemba 2023, Rais William Ruto alipozindua jijini Nairobi mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kutoka kaunti zote 47, Mombasa ikiwemo. Walipewa vifaa vya kazi pamoja na simu zenye mfumo uitwao eCHIS. Mfumo huo umejengwa juu ya Community Health Toolkit, programu huria ambayo shirika la Medic limekuwa mstari wa mbele kuikuza. Kila mhudumu hutarajiwa kuangalia kaya zipatazo 100. Kuanzia hapo, rekodi ya mtoto mmoja ikawa na nakala kadhaa: moja katika simu ya mhudumu, nyingine katika simu ya msimamizi wake, na nyingine katika seva.

Nakala zikiwa nyingi, lazima pawe na njia ya kujua ni ipi iliyobadilika, imebadilika vipi, na ipi ifuatwe.

KUJUA KILICHOBADILIKA

Njia nyepesi kuliko zote ni kuipa kila rekodi alama. Rekodi ikiguswa, programu huitia alama ya kwamba haijatumwa. Mtandao ukipatikana, zenye alama hutumwa na alama hufutwa. Watunzi wengi wa programu za simu huanzia hapa, na wengi hujikwaa papa hapa, kwa maana alama hiyo husema tu kwamba kuna kilichobadilika. Haisemi ni nini.

Chukulia kwamba Alhamisi asubuhi mhudumu wa Mtongwe anaongeza chanjo katika rekodi ya mtoto. Wakati huo huo msimamizi wake, aliye katika kituo cha afya, anarekebisha nambari ya simu ya mama katika rekodi hiyo hiyo. Nakala ya msimamizi haina habari ya chanjo mpya. Iwapo programu hutuma rekodi nzima nzima, na ya msimamizi ikafika mwisho, nambari mpya ya simu itaingia na chanjo itatoweka. Hakuna aliyekosea. Hakuna hata onyo lililotokea katika kioo cha simu.

Kwa chanjo, hasara ni mama kusumbuliwa bure wiki ifuatayo. Hatari kubwa ni mfano huo huo ukihusu mjamzito wa Changamwe aliyeandikwa kuwa ana shinikizo la damu na kupewa rufaa ya kwenda hospitali. Maneno hayo yakifunikwa na nakala ya zamani, jina lake halitaonekana tena katika orodha ya wanaopaswa kufuatiliwa, na siku za mjamzito wa namna hiyo huwa hazisubiri.

Ndiyo sababu mifumo iliyokomaa hufuatilia mabadiliko kwa kila kipengele cha rekodi, au huweka kumbukumbu ya matendo yenyewe: chanjo imeongezwa, nambari imebadilishwa. Matendo mawili yasiyogusana yanaweza kutiwa yote mawili katika seva pasipo ugomvi.

SAA HAZIAMINIKI

Wengi hudhani kwamba suluhisho ni kutazama saa: aliyeandika mwisho ndiye mkweli. Fikra hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, aliyeandika mwisho si lazima awe ndiye ajuaye zaidi. Pili, saa za simu hazilingani. Simu iliyozimika betri yaweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na mwenye simu anaweza kuibadilisha saa apendavyo. (Pwani watu wenyewe huishi na saa mbili, ya Kiswahili na ya Kizungu, na ahadi ya saa mbili imewahi kuwakosanisha wengi.) Tangu mwaka 1978, mtaalamu Leslie Lamport alionyesha kwamba kompyuta zilizo mbali mbali zaweza kupanga utaratibu wa matukio kwa kuhesabu hatua na kupashana hesabu hiyo, bila kutegemea saa ya ukutani.

Wazo la kuhesabu hatua badala ya dakika limo pia ndani ya CouchDB, hifadhidata inayotumiwa na Community Health Toolkit upande wa seva. Ilianzishwa mwaka 2005 na Damien Katz, aliyewahi kufanya kazi katika Lotus Notes, programu ya ofisi iliyosifika kwa kunakili data kati ya kompyuta zisizounganishwa muda wote. Katika simu hukaa mwenzake, PouchDB, anayezungumza lugha iyo hiyo.

Humo, kila rekodi hubeba nambari ya toleo pamoja na msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Rekodi ikibadilishwa, toleo la 3 huzaa la 4. Simu mbili zikilibadilisha toleo la 3 kila moja kivyake, patatokea matoleo mawili ya 4 yenye misururu tofauti, na hapo mfumo hutambua bila shaka kwamba kuna mgongano.

Hautupi hata moja. Huchagua toleo lenye historia ndefu zaidi, na zikilingana hutazama msururu upi ni mkubwa kwa utaratibu wa herufi. Kila simu hufikia uamuzi ule ule bila kuulizana na nyingine. Ni kanuni safi, lakini ushindi huo ni wa kihesabu tu, wala haumaanishi kwamba toleo lililoshinda ndilo lenye ukweli. Toleo lililoshindwa hubaki limehifadhiwa, likingoja programu au mtu alisome na kuamua. Mtunzi wa programu asipoandaa nafasi ya kulisoma, litakaa gizani miaka na mikaka.

KUKWEPA UGOMVI

Huenda mbinu yenye busara zaidi katika mfumo huu ni ile isiyohitaji hesabu. Badala ya mhudumu kuhariri rekodi ya mtoto kila anapozuru, ziara yenyewe huandikwa kama rekodi mpya, yenye kitambulisho chake, inayoelekeza kwa mtoto huyo. Ziara ya Alhamisi haiwezi kuifunika ziara ya Jumatatu kwa kuwa ni vitu viwili. Hali ya mtoto hupatikana kwa kusoma ziara zake zote. Migongano hubaki katika mambo machache kama jina, nambari ya simu au makazi.

Makazi nayo yana mtihani wake. Familia hupanga Chaani leo, na mwezi ujao ikahamia Kisauni. Ikiwa rekodi itafutwa kabisa katika simu moja, simu nyingine ambayo haikupata habari itaiona seva haina rekodi hiyo na kuirudisha, kana kwamba ni mpya. Kwa hiyo kufuta nako huandikwa: rekodi huachiwa alama ya kaburi, na alama hiyo husambazwa kama badiliko jingine lolote. Hata kampuni kubwa zimeonja jambo hili. Wahandisi wa Amazon walieleza mwaka 2007, katika maandishi yao kuhusu mfumo wa Dynamo, kwamba bidhaa ambayo mteja ameiondoa kikapuni yaweza kuibuka upya baada ya nakala kuunganishwa. Waliona hilo ni afadhali kuliko kupoteza bidhaa iliyotiwa.

Pesa hazikubali uvumilivu wa aina hiyo. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, huitaka simu iwasiliane na mfumo mkuu kabla ya malipo kukamilika, kwa kuwa salio moja likiwa na nakala mbili, mtu angelitumia mara mbili.

MTANDAO UNAPORUDI

Mhudumu anapopata mtandao, simu haitumi kila kitu upya. Seva huyapanga mabadiliko yote kwa nambari za mfuatano, na pande zote mbili huweka alama ya mahali zilipoishia mara ya mwisho. Simu huuliza ni matoleo yapi yanayokosekana, kisha hutuma hayo tu. Mawasiliano yakikatika katikati, kazi huendelea kutoka kwenye alama ya mwisho iliyowekwa. Rekodi za zamani zaweza pia kuondolewa simuni ili isijae, huku seva ikibaki nazo.

Lakini kuna muda ambao hakuna kanuni inayouokoa. Kati ya kuandika na kutuma, taarifa ipo mahali pamoja tu duniani, nayo ni simu ile. Ikiporwa kituoni, au ikiteleza mkononi na kuzama kivuko kikiwa katikati ya Likoni na kisiwani, ziara zote za siku hiyo zimekwenda nayo. Hivyo programu huonyesha iwapo zimo ripoti ambazo hazijatumwa, na mhudumu aliyeandika nyumba kumi tangu asubuhi ana sababu ya kutazama mahali hapo kabla ya kushuka kwenda kupanda feri.