Zaidi ya shimesikio: ukiziwi na lugha chini ya Mlima Meru

Upungufu wa kusikia ndio ulemavu ambao jirani huchelewa kuutambua kuliko mwingine wowote, kwa kuwa hauachi alama usoni wala mwendoni, na mtu aliyenao huweza kukaa miaka mingi akidhaniwa kuwa mkaidi, mwenye majivuno au mzito wa akili. Wakazi wa vijiji vya Arumeru wanaifahamu tofauti kati ya dhara linaloonekana na lisiloonekana. Maji ya baadhi ya chemchemi na mito inayotoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, madini ambayo mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajijenga humwachia madoa ya kahawia ya maisha yote, na kwa kuwa madoa hayo hujionyesha kila mtu anapocheka, hapakukosekana msukumo wa kuanzisha kituo cha utafiti Ngurdoto, ambako mkaa wa mifupa ya mifugo umekuwa ukijaribiwa kama chujio la maji hayo. Sikio lililoharibika halina doa la kumwonyesha mgeni, waziri wala mfadhili, na asasi zinazohudumia viziwi mkoani Arusha huanza kazi zikiwa na mzigo huo wa ziada wa kuthibitisha kwanza kwamba tatizo lipo.

Idadi zenyewe hazisaidii sana katika uthibitisho huo. Sensa ya 2012 iliandikisha watu 425,322 nchini Tanzania waliosemekana kuwa na ugumu wa kusikia, lakini takwimu ya namna hiyo hutegemea majibu ya mkuu wa kaya, ambaye huenda asimtaje bibi anayeitikia salamu kwa kubahatisha wala kijana aliyepoteza usikivu wa sikio moja. Shirika la Afya Duniani, ambalo hukadiria kwamba zaidi ya watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu huo, huhesabu mtu kuwa mlemavu wa kusikia pale sikio lake lililo zima zaidi linaposhindwa kupata sauti ya chini ya desibeli 35, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti ambacho katika ngazi zake mnong'ono wa karibu hukaa kwenye takriban 30. Mtu wa namna hiyo hapotezi sauti zote. Hupoteza konsonanti, mwisho wa sentensi, maneno ya mtu aliyegeuka upande, na baada ya muda hupoteza hamu ya kuhudhuria mazungumzo.

Hapa ndipo inapofaa kutenganisha makundi mawili ambayo wafadhili huyaweka katika fungu moja. Kundi la kwanza ni la watu waliokwisha kujifunza kusema ndipo usikivu ukapungua, nao huitwa wenye usikivu hafifu au, hali inapokuwa kali, viziwi wa ukubwani. Hawa wana lugha tayari na kinachowapungukia ni njia ya kuipokea. Kundi la pili ni la watoto waliozaliwa viziwi, au waliopata ukiziwi kabla ya kujua kusema, ambao wanakosa kitu kikubwa zaidi ya sauti, kwa sababu hawajapata lugha yoyote ya kufikiria, kuuliza na kukataa. Msaada unaolifaa kundi moja unaweza kuwa bure kabisa kwa jingine, na sehemu kubwa ya ufadhili unaopotea katika fani hii hupotelea katika mchanganyo huo.

Sababu za ukiziwi katika eneo hili hazitofautiani sana na za kwingineko nchini: homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, rubela inayompata mama mjamzito, manjano kali ya mtoto mchanga, na masikio yanayotoa usaha miaka nenda rudi huku familia ikiamini kwamba yatakauka yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuilika, na kuingizwa kwa chanjo ya surua na rubela katika ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2014 kunaweza kuhesabiwa kuwa huduma kwa viziwi watarajiwa, ingawa hakuna mzazi anayempeleka mtoto kliniki akiifikiria hivyo.

Ipo hata hivyo sababu moja ambayo ukanda huu unaijua kwa karibu kuliko sehemu nyingine nyingi. Katika wilaya ya Siha, upande wa Kilimanjaro unaotazamana na Meru, ipo Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 na ambayo kuanzia 2009 ilikuwa kitovu cha taifa cha kutibu kifua kikuu sugu, yaani kile ambacho vimelea vyake haviuawi tena na dawa za kawaida. Kwa miaka mingi tiba ya ugonjwa huo duniani kote ilitegemea sindano za dawa kama kanamisini, zilizochomwa kwa miezi mfululizo, na dawa za jamii hiyo zina tabia ya kuua chembe zenye vinyweleo zilizomo katika sikio la ndani, chembe ambazo ndizo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa mshipa wa fahamu na ambazo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Madhara hayo huanzia kwenye sauti nyembamba, zile za ndege na za mlio wa simu, ambazo mgonjwa hatambui kwamba amezipoteza hata akiulizwa, ndiyo maana upimaji wa usikivu wakati wa matibabu una maana kubwa: mtaalamu huliona pengo kabla halijafika kwenye sauti za maneno. Lilikuwa chaguo gumu kati ya pafu na sikio, na hakuna tabibu anayestahili kulaumiwa kwa kulichagua pafu. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limependekeza tiba ya vidonge na kuacha kanamisini, lakini waliopona kwa njia ya zamani bado wapo, wazima wa kifua na wazito wa masikio, nao hawajioni kuwa viziwi wala hawaijui lugha ya alama, kwa hiyo ni vigumu hata kwa asasi kuwafikia. Kelele za kazini zina kundi lake pia, hasa katika machimbo ya tanzanaiti ya Mererani, ambako mashine za kutoboa miamba na baruti hufanya kazi ndani ya mashimo membamba yasiyo na pa kutawanyia mshindo.

Kwa watu wa kundi la kwanza, kifaa cha msingi ni shimesikio, mashine ndogo yenye kinasa sauti, kikuza sauti na kipaza cha kuingiza sauti hiyo sikioni. Ubora wake hautegemei mashine peke yake. Inapaswa kurekebishwa kulingana na majibu ya kipimo cha mhusika, kwa kuwa sikio lililopoteza sauti nyembamba tu likikuziwa sauti zote kwa usawa huumizwa bila kusaidiwa. Inahitaji kizibo kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lake, la sivyo hupiga mluzi. Na inatumia betri za ukubwa wa kifungo cha shati ambazo huisha kwa wiki moja au mbili. Mtoto anayekua huhitaji kizibo kipya kila baada ya miezi kadhaa, na vumbi la kiangazi cha Arusha halina huruma na vitundu vya kinasa sauti. Kambi ya siku mbili ya kugawa mashimesikio hutoa picha nzuri za watoto wanaotabasamu, lakini asasi inayoijua kazi yake huuliza maswali ya mwezi wa tatu: betri zitanunuliwa duka gani, nani atasafisha mirija, na mama anayetoka Oldonyosambu atafikaje kwa fundi. Mashine iliyofungiwa kabatini huhesabiwa katika ripoti sawasawa na ile inayovaliwa.

Kwa baadhi ya watoto wasionufaika na shimesikio upo upasuaji wa kupandikiza kifaa kinachopeleka ujumbe wa umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia, ambao Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliuanza Juni 2017 baada ya miaka ambayo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi. Ni hatua kubwa, lakini hufaa zaidi kwa mtoto aliyegunduliwa mapema na ambaye familia yake inaweza kumudu mafunzo ya muda mrefu ya kusikia na kusema.

Kwa wengi waliobaki, swali la msingi ni la lugha, na historia ya elimu ya viziwi Tanzania inaonyesha jinsi swali hilo lilivyokwepwa. Shule ya kwanza ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 kwa juhudi za Kanisa Katoliki, ikafuatiwa na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974, na baadaye nyingine, ikiwamo ya Mwanga mkoani Kilimanjaro iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambayo ni miongoni mwa zilizo karibu na familia za Arusha. Shule hizo zilirithi fikra iliyotawala Ulaya tangu mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880, kwamba kiziwi afundishwe kusoma midomo na kutamka, na kwamba mikono itulie. Mtu yeyote anaweza kuipima fikra hiyo mbele ya kioo kwa kutamka bila sauti maneno baba, mama na papa, kisha ajaribu kuyatofautisha. Wanafunzi waliitatua shida hiyo wenyewe mabwenini, wakaunda alama, na kwa kuwa kila bweni lilikuwa mbali na lingine zikazaliwa lugha za alama kadhaa zilizotofautiana, ambazo wanaisimu wamehesabu kufikia saba.

Kuzikutanisha lugha hizo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoundwa na viziwi wenyewe katika miaka ya 1980, na utafiti wa mwanaisimu Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukaongezea nguvu katika utayarishaji wa kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania. Lugha hii ina sarufi yake, inayotumia mahali mkono ulipo, mwelekeo wa kiganja na sura ya uso, na haifuati mpangilio wa maneno ya Kiswahili. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika nyumba za mlimani, ambako bibi huzungumza Kimeru au Kimaa, wazazi huchanganya na Kiswahili, na mtoto kiziwi, ambaye mara nyingi wazazi wake wote wanasikia, hubaki na ishara chache za nyumbani za kula, kulala na kuchunga. Mtoto huyo akifika shuleni na miaka tisa au kumi, sehemu nzuri ya umri wa kupokea lugha imekwisha kupita, na mwalimu hulaumiwa kwa hasara iliyotokea kabla yake. Mkoa una bahati ya kuwa na Chuo cha Ualimu Patandi, huko Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Hata hivyo mzazi hasomi Patandi, na kwa sababu hiyo madarasa ya alama kwa akina mama, kazi isiyo na picha wala sherehe, yanastahili kupewa nafasi kubwa zaidi kuliko inavyofanyika sasa.

Arusha ni mji uliojengewa jina na ukalimani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, iliendesha kesi zake humo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda, ikiwa na wakalimani vibandani na visikilizio masikioni mwa kila aliyehusika, kwa sababu haki haikuweza kutendeka kwa mtu asiyeelewa kinachosemwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu zimo mjini humo humo. Kiziwi anayekwenda kituo cha afya cha kata hana kibanda. Hufuatana na dada au mwanawe anayesikia, ambaye analazimika kuyafahamu maradhi ya siri ya mzazi na kuyatafsiri kadiri ya haya yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inaitambua haki ya mawasiliano, na itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu watu wenye ulemavu, iliyopitishwa mwaka 2018 na kuanza kutumika 2024, inazitaja lugha za alama waziwazi. Kilichopungua ni watu: wakalimani waliofunzwa, wanaolipwa, na wanaobanwa na kiapo cha kutunza siri.

Ajira ina habari njema kidogo. Shanga, karakana iliyoanzia kwenye utengenezaji wa mikufu ya ushanga jijini Arusha, imewaajiri watu wenye ulemavu, wengi wao viziwi, katika kuyeyusha vioo vilivyotupwa, kufuma na kushona, kama Neema Crafts ilivyofanya Iringa tangu 2003, na katika sehemu hizo mgeni ndiye anayejifunza alama mbili tatu ili aeleweke. Nje ya karakana hizo zinazouzia watalii, ile Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, na halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya watu hao. Mkopo huo huanza kwa kikao, ambapo afisa maendeleo ya jamii huwaeleza wanakikundi kuhusu katiba, marejesho na dhamana ya pamoja, na kikundi cha viziwi kisicho na asasi ya kukishika mkono hulazimika kuchanga nauli na posho ya mkalimani wa kikao hicho kabla hakijaona shilingi ya kwanza ya mkopo.